Taruma Lililokataliwa

Asubuhi ya Jumamosi ile, Tata, yaani baba yangu, alipouangushia shoka mtumbwi mpya wa dada yangu mbele ya mwinjilisti na wageni waliokuja kuuombea, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nasema ukweli wangu. Sikumwonea huruma wala sikumwelewa, na kama angekuwa baba wa mtu mwingine ningekuwa wa kwanza kusema afungwe kamba. Leo nasimulia nikiwa na adabu, lakini siku ile sikuwa nayo.

Baba yangu anaitwa Sospeter, ila pale kwetu Buganguzi ukimuulizia kwa jina hilo watakutazama tu. Ulizia Mzee Mataruma, utaletwa hadi mlangoni. Alifanya kazi ya reli miaka thelathini na moja, na kwa mtu wa kwetu hilo ni jambo la ajabu, maana sisi watu wa Muleba tuna migomba, kahawa na ziwa, reli hatuna. Aliondoka akiwa kijana, akapanda meli ya Mwanza kutafuta kibarua, akaangukia kwenye gengi. Gengi ni kundi la watu wanaoishi kando ya njia ya gari moshi, na kazi yao ni kuitembea njia ile kwa miguu kila asubuhi wakirekebisha kilicholegea. Alirudi nyumbani mstaafu na sanduku la bati, redio moja, na nyundo yenye mpini mrefu ambayo hakuiacha hata alipokwenda kanisani.

Taruma, kwa wale ambao hawajakaa na baba yangu, ni kile kipande kinacholala kwa kukingama chini ya reli mbili na kuzishika zisiachane. Sehemu kubwa ya njia yao mataruma yalikuwa ya chuma, lakini juu ya madaraja na pale njia zinapogawanyika stesheni yalikuwa ya mbao ngumu, na haya ya mbao ndiyo aliyoyajua Tata kuliko alivyotujua sisi wanawe. Mbao huoza kwa ndani huku nje ikikuchekea. Kwa hiyo alipita akigonga moja baada ya jingine na kusikiliza.

"Taruma zima linakujibu," alizoea kusema. "Taruma bovu linanyamaza."

Tabia hiyo alikuja nayo nyumbani. Aligonga nguzo za banda la mbuzi, miimo ya milango, mabenchi ya kanisa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, ninaishi Kibeta, mjini Bukoba, na kila alipokuja kunitembelea aligonga nyumba yangu kabla ya kunisalimu. Safari moja aligonga hadi mguu wa kitanda changu akasema haufai. Ulivunjika wiki ile ile, lakini hilo tuliache.

Na kila mgeni alipouliza taruma ni nini, Tata alimpa hadithi yake ya asili ya neno lenyewe. Alisema gari moshi likipita juu ya daraja magurudumu husema taruma-taruma-taruma, na wazee wa kwanza wa reli waliposikia hivyo wakaipa mbao jina lake. Aliisimulia vizuri sana, kwa mikono na mabega, na watoto walimwomba airudie. Niliisikia mara mia, na mara zote mia nilikaa kimya kwa heshima.

Sasa dada yangu. Kemilembe ni mkubwa wangu, mjane mwenye watoto watatu, na ana kichwa kigumu kama changu. Kwa miaka mingi amekuwa akipeleka ndizi na maharage visiwani, Bumbire na kwingineko, na kurudi na dagaa, akisafiri kwenye mitumbwi ya watu na kuteremshwa wanapotaka wao. Mwaka huu aliamua awe na wa kwake. Alimpata fundi aitwaye Mihayo, Msukuma wa Sengerema, mtu mpole na hodari, aliyeweka kambi pale mwaloni tunapopandia kwenda visiwani. Mtumbwi ulipokaribia kwisha, dada alimchukua Tata kwa pikipiki akauone. Nilikuwepo, nilikuja likizo.

Mihayo alikuwa akitutembeza kwa fahari. Alionyesha mkuku, yaani ule mti mrefu wa chini, kisha akaweka kiganja juu ya vipande vilivyokingama ndani ya mtumbwi kutoka ubavu hadi ubavu.

"Na haya ndiyo mataruma," alisema. "Haya ndiyo yanashika mbao zisiachane."

Tata alisimama. "Ndiyo nini?"

"Mataruma, mzee wangu."

"Mtumbwi hauna mataruma," alisema Tata. "Mataruma ni ya reli. Wewe umelisikia wapi hilo neno?"

"Kwa baba yangu, naye alikuwa fundi wa mitumbwi. Reli sisi hatujaifanyia kazi, mzee."

Walibishana hadi watu wakaacha kupakia ndizi. Tata alitoa hadithi yake ya taruma-taruma, Mihayo akacheka bila ubaya, na kicheko hicho ndicho kilichomuuma. Jumatatu alipanda gari hadi Kibeta, akapita mlango wangu bila kuugonga, na hapo nikajua kuna jambo.

"Agnes, wewe ndiye mwenye vitabu. Nani mwenye neno?"

Nilifungua kamusi. Ningeweza kudanganya, na mpaka leo najiuliza kwa nini sikudanganya. Nilimsomea kwamba taruma ni ubao wa kuimarisha chombo cha majini kwa ndani, na kwamba vilevile ni ule wa chini ya reli. Akauliza lipi lilitangulia. Nikamwambia ninavyoelewa mimi, kwa sababu hakuna aliyetuachia siku wala jina la mtu: vyombo vya majini vilikuwepo kabla ya reli, na reli ilianzia pwani, kwa watu waliokuwa na maneno yao ya vyombo tayari. Walipoambiwa walaze magogo yashike vyuma viwili visiachane, waliona kitu wanachokijua. Wakakiita jina wanalolijua.

Tata aliitazama kamusi kana kwamba imemtukana. Mimi mpumbavu nikatabasamu.

"Miaka thelathini na moja," alisema. "Nimetembea juu ya mitumbwi ya watu bila kujua."

Alikataa chai. Nilimsindikiza stendi, na kabla ya kupanda gari alinigeukia. Sura yake ilikuwa imebadilika.

"Kama ni kitu kimoja," alisema, "basi hugongwa namna moja. Yule kijana ameyagonga mataruma yake?"

Nilimwambia kwamba Mihayo anajua kazi yake, na aache kumtia dada mkosi. Ndivyo nilivyosema, mkosi.

Jumamosi tulikusanyika mwaloni. Mtumbwi ulikuwa umepakwa rangi ya buluu nje na kijani ndani, jina la marehemu mume wa Kemilembe ubavuni. Mwinjilisti Wilbert alikuja na kanzu yake. Akina mama walipitisha kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama ilivyo desturi yetu kwa wageni. Mpango ulikuwa wazi: maombi, kisha mtumbwi usukumwe majini, na Kemilembe aende nao Bumbire saa ile ile, yeye na wanawake wanne wenzake, pamoja na mikungu ya ndizi iliyokuwa imepangwa mchangani. Alikuwa amevaa gauni jipya. Sikuwahi kumwona dada yangu akicheka namna ile tangu alipofiwa.

Mwinjilisti alipofumba macho, nilisikia ko. Nikafumbua. Tata alikuwa ndani ya mtumbwi na nyundo yake, akigonga taruma la kwanza. Ko. La pili, ko. Mwinjilisti akapandisha sauti. La tatu, la nne. Nilimtolea macho ya kumkanya, hakuniona. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio likielekea chini, kama nilivyomwona nilipokuwa mtoto, tulipomtembelea kwenye nyumba za gengi. Aligonga la tano, na hata mimi nisiyejua kitu nilisikia halikujibu. Akaligonga tena. Akagonga la sita, nalo likanyamaza.

"Amina," alisema mwinjilisti, mapema kuliko alivyokusudia.

"Huu mtumbwi hauingii majini," alisema Tata.

Kemilembe alidhani anatania, akaanza kucheka, kisha akaona uso wake.

"Tata, leka," alimwambia taratibu. Acha. "Waitu, baba yetu, nakuomba, mbele ya watu..."

"La tano na la sita ni maiti. Hamwendi."

Mihayo akaja mbio. Alisema mbao ile ni ngumu hata msumari unapinda, na alimwomba mzee ashuke. Wageni walianza kunong'ona. Mama mmoja nyuma yangu alisema uzee ni kitu kibaya. Nilipanda kumshika mkono baba yangu nimshushe, na nilimshika kwa nguvu kuliko inavyompasa mtoto. Alinitazama, akautoa mkono wangu kidole kimoja kimoja. Kisha akainama, akaokota shoka la Mihayo, akalipiga taruma la tano.

Kemilembe alipiga yowe. "Mawe, mama yangu! Tata ananiua!"

Pigo la kwanza lilitoa rangi. La pili likatoa kibonge cha unga wa mbao na gundi, na nyuma yake likafunguka tundu la mviringo, jeusi kwa kutu, linaloingia kidole gumba. La tatu likazama. Shoka lilizama bila sauti, kama kwenye mgomba, na Tata alipolivuta lilitoka na ugoro wa kahawia uliomwagika juu ya rangi mpya ya kijani. Ule ulikuwa ndio moyo wa taruma. Uliomwagika ulikuwa kama lita nzima.

Mihayo alipiga magoti ndani ya mtumbwi, akatia vidole ndani ya lile tundu, akavitoa, akavitazama.

"Niliziba matundu," alisema. "Nilijua ni ya misumari ya zamani. Mbao zilitoka kwenye nyumba iliyobomolewa kule Misungwi, zilikuwa nguzo. Nje zilikuwa chuma kabisa, mzee. Chuma kabisa."

Nilidhani Tata angemgombeza, au angetugeukia sisi sote na kutusuta, na alikuwa na haki. Lakini hakuwa akitusikiliza. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya taruma la sita, akikwangua rangi kwa ukucha mwishoni kabisa, karibu na ubavu wa mtumbwi, pale ambapo Mihayo alikuwa ameziba tena. Gundi ilibanduka. Chini yake palikuwa na mikato mitatu ya shoka. Miwili imesimama sambamba, na wa tatu umelala upande wa kulia.

Baba yangu hutumia mkono wa kushoto, na pigo la mkono huo hulalia kulia. Sijui kama nimesema.

Alikaa chini ndani ya mtumbwi. Nilimwona rangi ikimtoka usoni, na kwa mara ya kwanza siku ile niliogopa kwa ajili yake badala ya kumwonea aibu. Nikamuuliza ni nini. Akaonyesha tu ile mikato, kisha akainua mkono wake wa kushoto.

"Ni alama yangu," alisema hatimaye. "Taruma tukilikataa darajani, nalikata hivi. Miaka kumi na miwili ya mwisho nilikuwa Malampaka. Madaraja yote ya kwenda Mwanza, mbao iliyokataliwa ilikataliwa na mikono hii."

Wilbert, mtu mwema, alidhani anatusaidia. "Basi ashukuriwe Mungu, mzee! Uliikataa wakati ule na leo umeikataa tena."

"Hapana," alisema Tata. "Wewe hujui. Amri ilikuwa kukata alama, kisha kupasua. Uipasue katikati pale pale, isifae kwa kitu chochote isipokuwa kuni. Mimi nilikuwa nakata alama tu. Jua ni kali, mgongo unauma, akina mama wa vijijini wanasimama kando wanaomba nguzo nzima nzima za kujengea. Nilikuwa nasema, nyumba haiendi mwendo kama treni, itamdhuru nani? Nikawaachia nzima. Nikaonekana mtu mzuri."

Alimtazama Kemilembe aliyekuwa amerudi nyuma hadi ndani ya maji, gauni lake jipya limelowa hadi magotini bila yeye kujua.

"Mwanangu, ungekufa kwa mkono wangu."

Dada alipanda ndani ya mtumbwi, akaketi kando yake, na wote wawili walilia mbele ya watu. Mimi sikulia. Nilikuwa nimepigwa na butwaa. Baba yangu, mtu aliyetuchapa kwa kuacha jembe shambani, aliyesema kwamba kazi nusu ni wizi, alikuwa amefanya kazi nusu kwa miaka kumi na miwili. Nilijaribu kukasirika nikashindwa, nikajaribu kumhurumia nikashindwa vilevile.

Ndipo Mihayo, bado amepiga magoti, akasema kwa sauti ndogo: "Zile nguzo zilitosha mitumbwi miwili."

Mtumbwi wa kwanza aliujenga mwezi wa tatu. Mwenye mtumbwi huo alikuwa Burhani, mchukuzi wa dagaa na abiria, na wakati tunaongea alikuwa visiwani. Kemilembe alimpigia simu, haikupatikana. Akapiga tena. Tulisimama pale watu thelathini tukitazama simu moja. Mara ya saba iliita, dada akaweka spika, na tukasikia sauti yake ikiwa na haraka, na nyuma yake watu wakipakia. Dada alimpa Tata simu.

"Mwanangu Burhani, chombo chako kinaingiza maji?"

Burhani alicheka. "Kidogo tu, mzee, pale katikati. Tunayachota. Mtumbwi gani hauingizi maji?"

"Una watu?"

"Kumi na wanane. Tunaondoka sasa hivi."

Sijawahi kumsikia baba yangu akiomba. Siku ile alimwomba kijana asiyemjua, kwa jina la mama yake, awashushe watu wale. Alimwambia achukue jiwe, agonge taruma la kati, na sisi tusikilize. Tulisikia ko, na ko nyingine, halafu tukasikia kitu kama mtu anapiga godoro. Kisha tukamsikia Burhani akipaza sauti: "Shukeni! Shukeni wote!"

Siku ya Jumapili mchana alifika mwaloni akikokotwa na mtumbwi wa jirani, mwenyewe peke yake, akichota maji njia nzima. Mihayo alitoa mataruma mawili mabovu bila kuulizwa. Yote yalikuwa na mikato mitatu, wa mwisho umelala kulia. Tukayaweka mchangani pamoja na yale mawili ya dada.

Tata aliomba shoka. Nilitaka kumwambia amwachie Mihayo, maana yeye mwenyewe ana miaka sabini na mitatu, lakini nilimwacha. Alisimamisha taruma la kwanza, akalipasua katikati kufuata nyuzi za mbao, kisha la pili, la tatu na la nne. Hakupumzika. Alipomaliza alinigeukia.

"Agnes, umetazama saa?"

Nilikuwa nimetazama. Ni ugonjwa wa walimu.

"Yote manne hayajafika dakika mbili, Tata."

Aliitikia kwa kichwa. Akaketi juu ya mkungu wa ndizi uliobaki jana, akafuta shoka kwa shati lake, akalitazama ziwa. Ilikuwa siku nzuri. Mitumbwi ilikuwa ikienda na kurudi, mmoja umejaa wanafunzi wenye sare za kwaya.

"Kwa mwaka tulikuwa tunakataa kama arobaini," alisema.

Mimi nafundisha Kiswahili, lakini hesabu hiyo niliiweza: arobaini mara miaka kumi na miwili. Nikamletea nyundo yake. Mtumbwi wa wanakwaya ulipokaribia ufukwe aliinuka, akaingia majini na viatu vyake, akawaomba ruhusa ya kugonga mataruma yao.